Mwambie Huyo Aliye Kwako

9 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama kwa shangazi. Nilipiga simu mara mbili, na mara zote mbili ulipokea ukampa mdogo wangu Bobini. Yeye akanieleza habari za jino lake linalocheza mpaka salio likaisha. Kwa hiyo naandika. Kwenye karatasi sina kigugumizi, wewe unanijua.

Kiwanda cha mikate cha shangazi ni chumba kimoja nyuma ya nyumba. Tanuri la matofali limekula nusu ya chumba, na nusu nyingine ni ya meza, magunia ya unga, na shangazi mwenyewe. Tunaanza kukanda kabla jua halijatoka. Kazi yangu ni kupima unga, kuchanganya hamira, na kupaka trei mafuta. Siku ya kwanza nilikuwa naugusa unga kwa ncha za vidole. Shangazi akaniambia, "Wewe mtoto, huo unga si mkwe wako, usiuonee haya. Upige!" Sasa naupiga. Mikono inaniuma mpaka mabegani, lakini mkate wangu wa juzi uliuzwa, na mama aliyeununua amerudi tena.

Mama, siku naondoka nilisema kwaheri mara mbili nikiwa mlangoni. Hukugeuka. Nadhani cherehani ilikuzuia kusikia. Niliisikia ikienda mpaka nilipofika kwenye kona, nikajua una sare za shule za kumalizia, wazazi wanazisubiri.

Najua kilichokuudhi. Sikupaswa kusema vile mbele ya wateja. Lakini matokeo yangu ya mtihani yalipotoka, mtu wa kwanza niliyetaka kumwonyesha alikuwa baba. Nikalia, nikauliza kwa nini tangu tumzike hakuna anayemtaja nyumbani. Sikusema ili kukuaibisha. Yalitoka tu.

Baba angekuwepo, angeingia na ndoo zake za rangi, akatutazama tulivyokaa kimya, akasema, "Kulikoni? Leo duka limefungwa?" Nawe ungecheka hata kama hutaki, na duka lingefunguka. Sasa sijui nani atalifungua.

Nijibu, mama. Hata mstari mmoja.

Binti yako
(Sijui kama bado naruhusiwa kuandika Kasuku. Baba ndiye aliyeniita hivyo, kwa utani, kwa sababu sisemi.)


21 Januari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hapa ni wazima, kazi inakwenda, maisha yanasukumwa.

Mwambie huyo aliye kwako kwamba aliacha sweta lake la kijani kwenye kamba. Nimelituma, atalipokea kwa mtu wa mizigo. Mwambie alivae asubuhi, kifua chake si cha kuchezea. Mwambie asishike trei ya moto kwa kitambaa chenye maji; mvuke una hasira kuliko moto. Mwambie jino la mdogo wake limeng'oka na amelitupa juu ya kabati, hataki litolewe.

Mama yangu amekuja kukaa kwetu mpaka mguu wake upone. Anakaa dirishani na kopo langu la vifungo mapajani, anavihesabu na kuvipanga kwa rangi, akimaliza anavimwaga na kuanza tena. Ameshaniambia mifuko ninayoshona imepinda. Miaka yote hii nashona, na mifuko imepinda! Lakini ni mama, nifanye nini.

Sare za shule zilichelewa mwaka huu. Cherehani ilinisumbua, uzi ulijisokota chini ya sindano ukawa fundo moja gumu, ikabidi niifungue yote. Wazazi walinijia juu, lakini yamekwisha.

Wifi, hebu niambie, mbona barua yako ya mwaka mpya ilikuwa na maherufi makubwa namna ile? Neno moja linakula mstari mzima. Umeanza kuandika mabango, au unataka nikusome nikiwa ng'ambo ya barabara?

Wifi yako


30 Januari

Wifi fundi,

Sweta limefika. Nimemwambia. La jino nimemwambia pia, akacheka.

Lakini mimi ni mwokaji wa mikate, si mtu wa posta. Umenitwisha "mwambie" nne katika ukurasa mmoja. Mtoto yuko hapa, mkono mmoja tu kutoka nilipo, ana unga puani, na wewe una kalamu na mkono wa kuishikia. Mwambie mwenyewe.

Kaka yangu angekuwa hai angekuambia ufungue duka. Ndiyo, nimemtaja. Nimemtaja kusudi. Nuna ukitaka, mimi ni wifi yako, nimezaliwa kununiwa.

Maherufi yangu ni makubwa kwa sababu nina mambo makubwa ya kusema.

Mama yako mpe pole ya mguu. Na mifuko yako kweli imepinda.

Wifi yako mwokaji


8 Februari

Mama,

Shikamoo. Shangazi ameniambia yale uliyosema niambiwe. Sweta nalivaa. Trei nazishika kwa kitambaa kikavu. Niliungua kidogo kwenye kiwiko, lakini si kwa mvuke, kwa mlango wa tanuri, kwa hiyo hukunionya.

Nimejifunza kwamba unga una siku zake. Kukiwa na baridi unachelewa kuumuka, na ukiuharakisha mkate unatoka mgumu kama sabuni. Juzi nilifunua mapema kuangalia, nikafunika, nikafunua tena. Shangazi akanipiga kikofi mkononi: "Uache! Kila ukiuchungulia unarudi nyuma."

Najitahidi kutokuchungulia, mama. Lakini kila barua inapofika nachungulia jina juu ya bahasha, na kila mara ni la shangazi.

Mwambie Bobini jino jipya litaota haraka asipoligusa kwa ulimi. Unaona, na mimi nimeanza kukutuma. Ndivyo tulivyo nyumbani.

Mwanao


23 Februari

Wifi,

Barua hii isome peke yako. Usimwambie huyo aliye kwako.

Lile ovaroli la kaka yako, lenye madoa ya rangi, unalijua. Liko kwenye msumari nyuma ya mlango tangu siku ile alipolivua mara ya mwisho. Silifui, siliondoi. Nikifagia nalizunguka. Wiki iliyopita nilitoka kununua uzi, niliporudi nikalikuta sakafuni. Kifungo cha kifuani kimekatwa kwa mkasi wangu wa kitambaa, na kipande cha nguo kimetoka nacho. Bobini amekaa chini ya meza ya kukatia, magoti kifuani.

Nikamwuliza, "Kiko wapi?" Akanitazama tu. Nikamwuliza tena. Akageuzia uso ukutani.

Nikajua nikifungua mdomo nitalia mbele ya mtoto, na mbele ya mama yangu aliyekaa pale dirishani. Nikaufunga. Na ukishaufunga, unajua ulivyo, haufunguki kwa kutaka tu.

Zamani nilikuwa na wa kumtuma. Nilikuwa nasema, "Mwambie mdogo wako chakula tayari," na maneno yanafika. Sasa naweka sahani mezani naondoka. Jana nimejikuta naliambia birika: "Birika, mtu fulani hajanawa miguu." Mama akacheka kwa furaha, akasema hivyo ndivyo alivyotulea sisi na mbona tuko hai.

Leo mwalimu wa Bobini amekuja mpaka hapa kazini kwangu. Anasema mtoto hazungumzi darasani. Akiitwa hajibu, akiulizwa anatikisa kichwa. Akaniuliza, "Nyumbani anaongea, mama?"

Sikujua. Katika nyumba isiyo na maneno, nani atagundua kwamba mtu mmoja mdogo ameacha kusema?

Nimekaa na msururu wa mawazo kichwani tangu aondoke. Nitakueleza jambo ambalo hata kaka yako sikumweleza lote. Nilipokuwa mdogo, mama alizaa mtoto wa kiume, akafa akiwa bado hajatambaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba. Kuna siku nilimtoa nje kwenye upepo bila kumfunika, na baada ya hapo akaanza homa. Walipomzika, mama alifunga mdomo. Mvua zikaja zikaondoka, hakusema nami neno. Ukitaka akusemeshe tena, ilikuwa lazima upeleke maji kwa mikono miwili, upige magoti, uombe radhi. Nilipeleka maji kila siku. Hakuniambia kama ni mimi niliyemuua, na hakuniambia kama si mimi. Mpaka leo sijui.

Nikilia, alikuwa anasema, "Machozi hayashoni nguo." Siku ya mazishi ya mume wangu nililisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu, nikimwambia binti yangu. Yeye akanyamaza palepale, kama mtu aliyezimwa.

Nilidhani kwangu ni hasira tu, tabia tu, kila mtu ana yake. Sasa namwona huyu mdogo ameketi chini ya meza, mdomo umebana, na ni uso wa mama yangu. Naogopa, Wifi. Sijui nianzie wapi. Nikienda kumsemesha, nageuka njiani nashika mkasi.

Choma barua hii kwenye tanuri lako.

Wifi yako


2 Machi

Mama,

Barua yako ya tarehe 23 nimeisoma mimi.

Shangazi haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mkate anauona, mimi ananiona kama kivuli chenye sweta. Barua zake anaziandika kwa kalamu nene ya kuandikia magunia, akifuata mstari kwa kidole. Lakini mwandiko wako ni mdogo kama pindo, hauwezi kabisa. Tangu nifike, mimi ndiye ninayemsomea. Hakutaka ujue, anasema ukijua utamhurumia, na yeye hapendi kuhurumiwa na mtu anayeshona mifuko iliyopinda.

Nilipofika pale ulipoandika "usimwambie", niliacha kusoma. Shangazi alikuwa anakanda. Akasema, "Mbona umekwama?"

"Hii si yangu, shangazi."

"Inasemaje?"

"Inasema nisiambiwe."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akakaa juu ya gunia, akasema, "Soma. Siri za ukoo wa mama yako zimenichosha, na wala si ukoo wangu."

Nikasoma mpaka mwisho. Sitaki kujifanya sikusoma. Nyumbani tumezoea kujifanya, na angalia tulipofika.

Mama, nataka kukueleza kitu ambacho ana kwa ana nisingeweza. Ukifunga mdomo, mtoto hasikii kimya. Anasikia yale anayojiambia mwenyewe. Mimi nilikuwa najiambia kwamba umegundua hunipendi na unaona haya kulisema. Nilijiambia hivyo nikiwa mdogo kama Bobini, na nilijiambia hivyo mwezi wa kwanza nikiwa na begi mlangoni. Hasira yako ningeiweza. Ungenigombeza, ungenitupia hata kopo la vifungo, ningejua nimefanya nini na kitaisha lini.

Na kuna hili. Uliponituma kwa Bobini, nilikuwa naongeza. Ulisema, "Mwambie mdogo wako ale." Mimi nilimwambia, "Mama anasema ule, tena ule ushibe, anakupenda." Hukusema hivyo. Lakini nilikuwa nakuona unavyomtazama akiwa hakutazami, kwa hiyo sikuona kama ni uongo. Sasa hayupo wa kumwongezea.

Nakuomba umwambie mwenyewe. Hata kama utalia. Yeye ana miaka sita, mama, yeye analia kila siku, hawezi kukushangaa.

Yule mdogo wako aliyefariki, pole. Sikujua kama ulikuwa na mdogo. Pole sana, mama yangu.

Barua sijaichoma. Shangazi alisema nichome, akasema tena niache. Iko mfukoni mwa sweta.

Mwanao


(katika bahasha hiyohiyo)

Wifi,

Ni kweli. Macho yameingia ukungu. Nilikuficha, na wewe ulimficha kaka yangu, basi tumetoka sare.

Usimnunie mtoto. Mimi ndiye niliyemwamuru asome. Ninunie mimi. Mimi ni mnene, kununa kwako hakutanifika mfupani.

Mwokaji


29 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwezi unakwisha na hatujapata kitu, si mimi wala shangazi. Kila kengele ya baiskeli ya posta ikilia, shangazi anauliza, "Kuna nini?" Nami nasema, "Bili ya maji." Jana akasema, "Hawa watu wa maji ndio pekee wanaotupenda."

Niliunguza trei mbili wiki hii. Sikuwa nafikiria mikate.

Kama umenuna kwa sababu yangu, sawa, nimezoea, na safari hii najua kosa langu ni lipi. Sitaomba uniandikie barua. Naomba neno moja tu kuhusu Bobini, hata umpe mtu wa mizigo alilete mdomoni.

Anasema?

Mwanao


9 Aprili

Kasuku wangu,

Anasema. Nimeanza na hilo kwa kuwa ndilo uliloniuliza. Anasema mpaka masikio yananiuma. Sasa hivi yuko chini ya meza anamweleza bibi yako jinsi simba anavyopiga mswaki.

Ile barua yako ya mwanzo wa Machi ilipofika nilikuwa nakata suruali ya mteja. Nikasoma mstari wa kwanza, nikaona aibu kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Nikaikunja, nikaiweka chini ya pasi, nikaendelea kukata. Mguu mmoja wa suruali ukatoka mfupi, ikabidi niigeuze kaptula na nimpunguzie mteja bei. Baadaye nikaitoa nikasoma yote. Nataka ujue kwamba sikukununia, mwanangu. Nilikuwa sijui sentensi ya kwanza inaanzaje. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara mkono wenyewe unaandika "Wifi, mwambie."

Ilikuwa mchana wa mvua, hakuna mteja. Bobini yuko mahali pake chini ya meza. Nikaingia na mimi, nikajigonga kichwa, nikakaa naye kwenye vipande vya kitambaa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yote yakanikimbia. Nikasema, "Sina hasira na wewe. Namkumbuka baba yako."

Nilipotaja tu "baba yako", yale niliyoyazuia tangu mazishi yakatoka. Sikulia kama mtu mzima. Nililia kwa sauti, pua inatiririka, mabega yanaruka. Mtoto alinitazama kwa woga, macho kama sahani. Kisha akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kile kifungo kimelowa mate, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Chukua," akasema. "Usilie. Nilikuwa namtunza tu."

Siku zote zile alikuwa nacho shavuni, Kasuku. Alitaka kitu cha baba cha kwenda nacho shuleni, akaogopa nikikiona nitamnyang'anya. Nilipomwuliza kiko wapi, hakuweza kunijibu bila kukionyesha. Mwalimu alipomwita, ilikuwa vilevile. Alikuwa anakitoa wakati wa kula na kulala tu, na sisi wakubwa wawili tuliokaa naye hatukuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsemesha.

Nilidhani amefunga mdomo kama sisi. Kumbe amemficha baba yake humo. Nikajiuliza sisi wengine, mimi na mama yangu, tumeficha nani humu midomoni miaka yote.

Nikamgombeza, bila shaka. Nikamwambia kifungo kingeweza kumkaba koo akafa. Nilimgombeza kwa sauti kubwa huku namkumbatia. Huwezi kuamini jinsi alivyofurahi kugombezwa! Kifungo chenyewe nimekishonea ndani ya mfuko wa sare yake, nyuzi nne. Mwalimu anasema anakishika wakati wa hesabu.

Bibi yako aliona yote kutoka dirishani. Nilipotoka chini ya meza akasema, "Machozi hayashoni nguo."

Nikamjibu, "Leo hakuna nguo, mama. Leo mvua inanyesha."

Basi, akanifungia duka. Zamani ningekwenda na maji kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Safari hii sikupeleka maji, na sikufunga langu. Nilimsemesha kutwa. Bei ya uzi, ile suruali ya mguu mfupi, simba wa Bobini, jirani aliyepaka nyumba rangi ambayo baba yako asingeikubali. Nilisema "baba yako" na "mume wangu" mpaka ulimi ukazoea. Yeye anahesabu vifungo. Ikapita siku, ikapita nyingine.

Asubuhi moja nikawawekea chai. Akaonja, akamgeukia mtoto. "Mwambie mama yako chai haina sukari."

Bobini akafungua mdomo kuniletea salamu hizo. Nikamshika bega. "Mama," nikasema, "mimi niko hapa. Niambie mwenyewe."

Akanitazama mimi, akaitazama chai. Nilidhani atainuka aondoke na mguu wake mbovu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Haina sukari."

Nikamwekea. Basi, hayo tu.

Siku chache baadaye nikamwuliza la yule mdogo wangu. Nikamwambia, "Mama, ni kwa sababu nilimtoa kwenye upepo?" Akahesabu vifungo mpaka kopo likaisha. "Wewe?" akasema. "Wewe ulikuwa mtoto." Akavimwaga mapajani, akaanza upya. Sikumwuliza zaidi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Usidhani nimepona. Juzi mteja aliniudhi, nikamjibu kwa kumwambia paka. Bobini akachungulia kutoka chini ya meza: "Mama, duka limefungwa?" Sijui nani kamfundisha, nadhani analikumbuka mwenyewe. Nikamwambia limefungwa kidogo, ngoja nimalize pindo hili nitafungua. Nikamaliza, nikafungua.

Mwambie shangazi yako kwamba kuna daktari wa macho... La. Nitamwandikia mwenyewe, kwa maherufi makubwa.

Sasa lile la mwisho, ambalo lingekuwa la kwanza kama ningekuwa na ujasiri wako.

Uliandika kwamba uliisikia cherehani mpaka kwenye kona, ukadhani ni sare za shule. Hakukuwa na nguo chini ya sindano, mwanangu. Nilizisikia kwaheri zako zote mbili. Nikakanyaga cherehani tupu, kwa nguvu zangu zote, ili usinisikie. Nikakanyaga mpaka uzi ukajisokota ukawa fundo na mashine ikakwama, na ilipokwama nikakimbilia mlangoni. Ulikuwa umeshaipita kona.

Kwa hiyo nasema sasa. Safari njema, Kasuku. Vaa sweta.

Na ukija likizo, njoo na yale matokeo yako. Mtu uliyetaka kumwonyesha hayupo, na mimi pia ni yeye ningemkimbilia nayo. Tutakaa chini ya meza wote watatu, unionyeshe mimi.

Mama yako